Aliyezama ni Shahidi. Na Aliyemzamisha Je?

Sifa zote njema zamhusu Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia wanadamu bahari na mito wapate kusafiri na kutafuta riziki. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Kila chombo kinapozama na watu wakafa, husikiwa matangani maneno mawili. La kwanza ni kwamba siku zao zilikuwa zimekwisha. La pili ni kwamba wamekufa mashahidi. Maneno yote mawili ni ya haki. Kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni katika nguzo za imani. Na hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim imemhesabu aliyekufa maji katika mashahidi, pamoja na aliyekufa kwa tauni na aliyeangukiwa na jengo. Hapana Mwislamu wa kuyakanusha haya. Lakini neno la haki likitiwa mahali pasipo pake laweza kuwa dhulma. Basi swali lililo mbele ya msomaji ni hili: maneno haya mawili ni ya nani? Ni ya mjane, apate kutulia moyo wake, au ni ya mwenye chombo aliyekijaza kupita kiasi, apate kuponea lawama?

Hwenda mtu wa Mkuyuni akasema kwamba mas'ala haya ni ya watu wa pwani na wa ziwani, kwani yeye yu ubavuni mwa milima ya Uluguru. Ajua mgomba na mnanasi na mkarafuu, hajui tanga wala usukani. Lakini maji hayako mbali naye kama adhanivyo. Mto Ruvu, unaonywewa na watu wa Dar es Salaam, hupata maji yake katika milima hiyo hiyo. Wakati wa masika mvua hunyesha juu mlimani hali huku chini jua lawaka, na mto uliokuwa wa kifundoni asubuhi ukawa wa kifuani adhuhuri. Watoto huuvuka wakienda chuoni, na wanawake huteremka kufua na kuchota. Tena vijana wa milimani hawakai milimani milele: huyu yuko Mwanza katika uvuvi, yule yuko Unguja katika biashara, na wote hupanda vyombo. Na juu ya mto huo huo wa Ruvu, upande wa Kidunda, mwaka 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa kubwa. Palipo na bwawa mitumbwi haikosi kufika. Basi elimu ya maji yampasa mtu wa mlimani pia, na pengine yampasa zaidi, kwa kuwa hakuzaliwa nayo.

Ama kadari, imefahamiwa vibaya na wengi. Seyyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliposafiri kwenda Shamu akaambiwa kuwa huko mna tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kuwa ndiyo, aikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, moja la majani na moja kavu, kwamba akilisha huku au huko, kote ni kwa kadari. Huyu alikuwa katika wajuzi wakubwa wa imani, wala hakuiona hadhari kuwa ni upungufu wa tawakali. Na Mtume, sala na salamu zimshukie, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Hadithi hii imo katika Tirmidhi. Kwa hiyo kamba ya ngamia haipingani na tawakali, bali ni sehemu yake. Na katika chombo cha majini, kamba ya ngamia ni hesabu ya abiria, na mzigo uliopimwa, na boya la kila nafsi, na kuutazama upepo kabla ya kung'oa nanga.

Kanuni yake ni nyepesi kuhifadhiwa: kadari husomwa baada ya jambo kupita, na sharia husomwa kabla yake. Aliyefiwa hutazama nyuma, asiweze kurudisha kitu; huyo kadari ni dawa yake. Nahodha hutazama mbele, na mkono wake ungali juu ya usukani. Huyo sharia ndiyo mwalimu wake. Mwenye kusoma kadari wakati wa sharia amegeuza dawa kuwa sumu.

Itazamwe misiba iliyopita katika nchi hizi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama Mombasa, wakafa watu 272. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama upande wa Nungwi, na wengi hawakuonekana tena. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichokuwa na idhini ya kuchukua watu 101, kilipinduka kikikaribia gati ya Bwisya katika kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mwenye kuzitazama khabari hizi ataona kwamba, ukiacha ile ya Chumbe iliyoambatana na upepo, jambo moja larudi mara kwa mara: chombo kilichukua watu kupita kiasi chake. Na hao wa Ukara hawakuwa katika kina cha mbali. Nchi kavu walikuwa wakiiona. Bahari haikuwafuata, wao ndio waliojazwa juu yake.

Na mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi hawakuyaacha mambo haya bila hukumu. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj amezungumza juu ya kupanda bahari kwa ajili ya Hija. Kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba ni wajibu, ikiwa salama ndiyo inayotarajiwa kuzidi. Basi ikiwa Hija, nayo ni nguzo ya dini, imefungamanishwa na salama ya chombo, itakuwaje safari ya kwenda sokoni au arusini? Tena amesema kwamba chombo kikikaribia kuzama yafaa kutupa mzigo, na kutupa huko huwa wajibu pakitarajiwa abiria kuokoka. Maana yake ni kwamba mali yote iliyomo, ikiwa ni ya tajiri au ya maskini, hailingani na roho moja. Mwenye kuongeza magunia hali watu wamekwisha jaa ameigeuza hukumu hii juu chini: yeye hutupa watu ili abakishe mzigo.

Na iko mas'ala nyingine katika kitabu hicho hicho, ambayo yastahili kusomwa katika kila chuo kilicho karibu na maji. Mtoto akikabidhiwa kwa mwalimu wa kuogelea ili afundishwe, kisha akazama, yawajibika diya yake. Mwalimu huyo hakukusudia kuua, bali alikusudia kheri, na jambo analolifundisha ni zuri. Lakini mtoto alikuwa katika mikono yake, na maji ni mahali pa hatari. Basi dhamana haikumwondokea kwa uzuri wa nia. Ikiwa hivi ndivyo kwa mwenye mtoto mmoja, aliyekabidhiwa na baba yake kwa kheri, hali ya mwenye watu mia mbili, aliyewatoza nauli, hukumu yake haiwezi kuwa nyepesi zaidi mbele ya Mola wake.

Basi imebainika kwamba ushahidi wa aliyezama ni zawadi ya Mwenyezi Mungu kwa aliyekufa, wala si hati ya kumwachilia aliyesababisha. Aliyekufa kwa tauni naye ni shahidi, na hapana asemaye kwamba kwa hiyo yafaa kumwambukiza mtu. Aliyeangukiwa na nyumba ni shahidi, na fundi aliyejenga kwa udanganyifu angali na dhambi yake. Na mafakihi wameeleza kuwa shahidi wa namna hii huoshwa na kusaliwa kama maiti wengine, tofauti na aliyekufa vitani. Kwani ushahidi wake ni wa akhera, na hukumu za dunia juu yake hazikubadilika. Zikiwa hukumu za mazishi yake hazikubadilika, na haki yake juu ya aliyemdhulumu haikubadilika pia.

Lakini lawama yote haiwi ya nahodha peke yake. Katika hadithi ya Nu'man bin Bashir, iliyomo katika Bukhari, Mtume alipiga mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walitaka kutoboa tundu katika fungu lao wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Lau wa juu wangaliwaacha, wangaliangamia wote. Na lau wangaliishika mikono yao, wangaliokoka wote. Mfano huu watu huusoma kwa maana ya maasi yote, na ndivyo. Lakini waliomo chomboni yawapasa kuusoma pia kwa maana yake ya wazi. Abiria aonaye chombo kimejaa, naye akajipenyeza, kwa kuwa ana haraka, amesaidia kutoboa. Na aonaye akanyamaza, kwa kuogopa kuchekwa kuwa ni mwoga, mkono wa mtoboaji hakuushika.

Hapa mtu aweza kudai, na dai lake lastahili kusikizwa: maskini atafanyaje? Kivuko ni kimoja, soko ni siku moja kwa juma, mtoto nyumbani ana homa. Akishuka chomboni hapana kingine. Ni kweli kwamba mwenye kulazimika si sawa na mwenye kuchagua, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uweza wake. Lakini dai hili, likipimwa vizuri, halimwondolei mtu lawama. Lamhamisha tu mwenye kulaumiwa. Kadiri abiria alivyo na dhiki, ndivyo ilivyo nzito dhamana ya mwenye kuipa dhiki hiyo chombo kibovu: mwenye kukimiliki, na mwenye kukikagua, na mwenye kuona kuwa watu wanahitaji viwili akawaachia kimoja. Udhaifu wa mtu ni hoja ya kumlinda, wala si hoja ya kumbeba kama mzigo.

Sasa ni mas'ala ya uokozi. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra, ameeleza kwamba kumwokoa anayezama hutangulizwa mbele ya kusali sala iliyofika wakati wake, kwa kuwa sala yaweza kulipwa, na roho ikitoka hairudi. Na mwenye kufunga Ramadhani, asipoweza kuokoa ila kwa kufungua, hufungua na kulipa. Na kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika Minhaj hutoa na fidia. Ajabu ya dini hii ni kwamba imeyasimamisha matendo yake makubwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyemo majini, wala haikuuliza kwanza ni mtu wa namna gani.

Lakini kuokoa kwahitaji elimu, na nia peke yake haitoshi. MV Bukoba ilipopinduka mwaka 1996 haikuzama mara moja. Ilielea chini juu, na waliofungiwa ndani walisikiwa wakigonga. Likatobolewa tundu katika bati lake ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli na kuwashikilia watu ikatoka kwa tundu hilo, maji yakashika mahali pake, nayo ikazama. Waliotoboa walikuwa na huruma, na kwa huruma yao watarajiwa ujira. Wala si haki kuwashutumu. Lakini tukio hilo ni somo kubwa: katika hadithi tundu lilitobolewa na wenye kutafuta maji, na hapa lilitobolewa na wenye kutafuta kuokoa, na maji hayakutofautisha kati ya nia mbili. Na mwaka 2018 katika MV Nyerere fundi mmoja wa mitambo alitolewa hai siku mbili baada ya ajali, kwa kuwa alikuwa mahali palipobaki hewa. Hewa ile ile, ikijulikana kazi yake, ni uhai. Ndiyo maana Mtume, katika hadithi ya Abu Daud, amemtia dhamana mwenye kutibu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu.

Basi kujua namna ya kumwokoa aliyezama ni faradhi ya kifaya juu ya kila mji wenye maji: wasipoijua wawili watatu, wote wana dhambi. Na juu ya mwenye kuchukua watu kwa chombo ni faradhi ya aini. Na yafuatayo ndiyo madaktari wanayoyafundisha leo.

Kwanza, asiyejua kuogelea asijitupe majini, kwani anayezama humkamata amfikiaye akamzamisha naye. Amnyooshee ufito au tawi, au amtupie kamba, au dumu tupu lililofungwa vizuri kifuniko chake, kwani dumu hilo huelea na mtu aweza kulikumbatia. Kujiangamiza si uokozi, na sharia haikumkalifisha mtu kwa asichokiweza. Lakini kamba aiweza.

Pili, akiisha tolewa, asining'inizwe miguu juu wala asikandwe tumbo ili atapike maji, kama wafanyavyo wengi. Maji yatokayo kwa namna hiyo mengi ni ya tumboni, na matapishi yaweza kuingia katika mapafu. Tena muda unapita. Na ubongo usiopata hewa huanza kuharibika kwa dakika chache tu.

Tatu, alazwe chali mahali pagumu, atazamwe kama apumua, na mtu mmoja akimbie kuita msaada. Ikiwa hapumui, kichwa chake kirudishwe nyuma kidogo na kidevu kiinuliwe, pua ibanwe, atiwe pumzi kinywani mara 5 hata kifua kionekane kupanda. Kisha akandamizwe katikati ya kifua kwa mikono miwili, mara 30, kwa nguvu ya kushusha kifua cha mtu mzima kama sentimita 5, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 katika dakika. Kisha pumzi 2, kisha 30 tena, bila ya kuacha, mpaka apumue au afike mganga. Mtoto mdogo hukandamizwa kwa mkono mmoja, kifua kishuke theluthi yake. Na mambo haya hayahifadhiki kwa kusoma karatasi. Yataka mkono ufundishwe na mwenye kujua.

Nne, akipumua alazwe ubavu, avuliwe nguo za maji, afunikwe apate joto. Kisha apelekwe hospitali hata akisema kuwa ni mzima. Kwani mapafu yaliyoingiwa na maji yaweza kuharibika saa kadhaa baadaye, mtu akafa usiku hali watu wamekwisha shangilia.

Na asiseme mtu kwamba haifai mwanamume kumgusa mwanamke ajinabi, au kumtia pumzi. Mafakihi wameruhusu tabibu kutazama na kugusa kwa haja ya dawa, na dharura ya roho ni kubwa kuliko hiyo. Akiwapo mwanamke ajuaye, au mahrimu ajuaye, ndiye bora. Asipokuwapo, ajuaye ndiye huyo aliyepo. Kumwacha afe kwa kuchunga heshima yake si kuiheshimu. Na dawa ya haya yote ni kuwafundisha wanawake pia, kwani wao ndio walio mtoni kila siku.

Watu wa mataifa mengine wamekwisha tangulia katika jambo hili. Mwaka 1767 watu wa Amsterdam walianzisha chama cha kuwaokoa waliozama, na mwaka 1774 kikaundwa cha London. Na siku hizo hata ulaya walikuwa wakiwafukizia wafu maji moshi wa tumbaku, mpaka elimu ikawatoa katika ujinga huo. Shirika la Afya la Ulimwengu limekadiria kwamba mwaka 2021 walikufa maji watu kiasi cha 300,000 duniani. Tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo au cha kati, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Kadari ya Mwenyezi Mungu ni moja kwa mataifa yote. Basi ikiwa watu wa nchi moja wafa maji zaidi kuliko wa nchi nyingine, sababu itafutwe katika kamba na maboya na mafunzo, wala isisingiziwe kadari.

Baki neno moja la adabu. Wako wachao kwamba kuuliza sababu ya ajali ni kuwaumiza wafiwa. Ni kweli kwamba matanga si mahali pa mabishano. Siku tatu za taazia ni za dua na kuwapikia waliofiwa. Lakini siku ya nne yaja, na chombo kingine kiko gatini, kikijazwa. Aliyefiwa hana haja ya kusikia kwamba msiba wake haukuwa na sababu. Haja yake ni kwamba usimfikie mwingine kwa sababu ile ile. Na haki ya maiti juu ya walio hai haikwishi kwa kusomewa Yasini. Katika haki yake ni kwamba watu wajifunze kwa kifo chake.

Basi mtu wa Mkuyuni atakaye sadaka yenye kuendelea asidhani kuwa lazima iwe msikiti au kisima. Kamba ndefu na dumu tupu vilivyofungwa mtini penye kivuko cha mto, na ikajulikana kuwa ni wakfu wala haviazimwi kwa kazi nyingine, ni sadaka. Mwalimu wa chuo awazuiaye watoto kuvuka mto uliofurika, na akawaweka kwake mpaka maji yashuke, yu katika ibada. Na kijana aliye mbali, ziwani au baharini, akishuka katika chombo kilichojaa na kungoja kingine, hali wenzake wamcheka, ameifunga ngamia yake. Akifika salama amshukuru Mola wake. Na ikiwa ajali itamkuta juu ya hadhari yake, basi hapo ndipo maneno yale mawili ya matangani yatakapokuwa mahali pake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa maji, awape daraja ya mashahidi aliyowaahidi, awape subira walioachwa, na awaamshe wenye kuchukua roho za watu mikononi mwao kabla ya kuulizwa juu yake. Amin.